Umeona Nini Leo?

Ukitaka kwenda kutembea pwani ya kusini, niulize mimi. Unapanda taksi pale Warwick, unapita Jacobs na harufu yake ya viwanda, Durban inabaki nyuma, halafu unashuka kwenye kijiji kidogo ambacho reli yake inapita karibu kabisa na mchanga. Kuna ngazi za zege. Kuna bwawa lililochongwa kwenye mwamba, maji ya bahari huingia na kutoka, na watoto huoga humo bila kumwogopa papa. Kuna mnara wa taa, mwekundu kwa mweupe. Kuna mgahawa wa bibi mmoja Mreno, ambaye ametundika ukutani picha ya kijiji alichozaliwa huko kwao: nyumba nyeupe juu ya jabali, mashua zimevutwa mchangani. Hata usipomuuliza atakuambia kwamba alihamia hapa kwa sababu panafanana. Kulia kwa bwawa kuna mawe meusi, mapana, ambako wanaume husimama na fimbo ndefu kuvua samaki. Hapo ndipo bahari ilipomchukua mume wangu.

Alikuwa mtu wa Pangani. Mimi ni wa Korogwe, na hakuacha kunikumbusha. "Wewe mtu wa mashamba ya mkonge," alikuwa akinitania, "bahari utaijulia wapi?" Siku sita alibeba magunia kiwandani Jacobs, ya saba alikwenda kuvua. Hatukuwa na shida ya samaki. Alikwenda kwa sababu kule alijiona bado ni mtu, si mgongo wa kubebea tu.

Alikwenda kwa hesabu ya mwezi. Akiuona umejaa dirishani kwetu Berea, alisema kesho bamvua, maji yatakupwa mbali, saa nne asubuhi mawe yatakuwa makavu. Na kweli yalikuwa makavu. Hesabu yake haikukosea hata siku moja. Lakini kwao Pangani maji yakikupwa yamekupwa, unaweza kuwaacha watoto waokote kaa hadi wachoke wenyewe. Huku maji yanakupwa na wimbi linakuja vilevile, likitaka. Sijui kama hakulijua hilo au alilijua akalidharau. Yeye alishasema bahari ni moja, na mtu wa pwani akishasema neno lake huna pa kumpinga.

Siku ile ya bamvua, mwezi wa nne, alikuwa na jirani yetu Mkongomani, fundi viatu, ambaye mlango wake unatazamana na wetu. Huyo ndiye aliyerudi. Alisimama mlangoni kwangu, suruali imelowa hadi kiunoni, hakutaka kuingia.

"Dada, miye nilikuwa natosha chambo ku sac," aliniambia, akionyesha kwa mkono jinsi alivyokuwa akitoa chambo mfukoni. "Nikageuka. Maji iliinuka nyuma yake, kubwa sana, ikamufunika. Kisha mawe ikabaki tupu. Vraiment, kweli dada. Tupu."

Waokoaji walitafuta, helikopta ikazunguka, wapiga mbizi wakazama. Siku chache baadaye wakafunga vifaa vyao. Walisema mkondo wa bahari ile unaweza kumpeleka mtu popote, na walilisema kwa upole, nikawachukia kwa upole wao.

Wanawake wa Kitanzania wa jengo letu walikuja na kitambaa cheupe. Walitaka kufunika kioo na kunikalisha eda. Kwetu mwanamke aliyefiwa na mume hukaa miezi minne na siku kumi, hatoki ila kwa dharura, hajipaki manukato, havai nguo ya mapambo. Nikawauliza nimefiwa na nani. Maiti iko wapi? Nani amemwosha? Walitazamana, wakakunja kitambaa chao. Sheikh naye alinitumia ujumbe niende tuzungumze, sikwenda.

Aliyenipa nguvu ya kukataa ni mama mkwe wangu. Alinipigia kutoka Pangani, sauti kavu kabisa.

"Usikae eda," alisema. "Ukikaa umemzika mwanangu, na mimi sijamwona. Katembee, mwanangu. Bahari hurudisha."

Kwake pia alikataza matanga. Watu waliokuja na majamvi aliwarudisha mlangoni.

Basi nikatembea. Wiki nzima nilishona mapazia, Jumapili nilishika njia ya pwani, kuanzia kwenye bwawa, kupita mnara, mpaka mdomo wa mto ambako mchanga unakatika. Nilivaa blauzi nyekundu aliyoninunulia yeye, ile inayoonekana toka mbali. Nilijiambia, kama amekwama mahali na ana uhai, ataniona kwanza kabla sijamwona. Ulikuwa upuuzi, najua. Niliivaa kila Jumapili, naifua Jumamosi.

Mkongomani alikuja nami kila mara, na mbele yangu kila mara. Kwanza nilidhani anaona haya kuongozana na mke wa mtu. Baadaye niligundua kwamba anachungulia kila mwanya wa mawe kabla sijafika, ili kama kuna kitu akione yeye. Kwenye jengo letu watu walishapata la kusema kuhusu sisi wawili. Niliwaacha waseme, walau wao walikuwa na kazi ya kufanya.

Jioni simu ililia. Mama mkwe hakuwa na salamu ndefu tena. "Umeona nini leo?"

Ningemwambia nini? Nilimwambia nilichokiona. Nilimwambia watu wa kanisa wamevaa majoho meupe, wanabatizana kwenye povu, na kwamba kwa mbali nilidhani ni mazishi, nikakimbia. Nilimwambia watu waliotoka bara na mabasi wanajaza maji ya bahari kwenye chupa wapeleke kwao kuwa dawa. Dagaa walipokuja, baridi ilipokolea, nilimwambia jinsi ndege wanavyojitupa majini kama mawe na watu wazima wanavyoingia baharini na ndoo, wakicheka. Alisikiliza yote mpaka mwisho. Halafu alisema, "Haya. Wiki ijayo utatazama upande wa mto." Ndiyo maana naijua pwani ile. Sikuipenda hata siku moja. Niliijua kwa sababu kila Jumapili jioni kulikuwa na mtu wa kuuliza.

Bibi Mreno alinizoea. Siku ya mvua aliniwekea kahawa bila kuniuliza, akaketi mbele yangu, akaniuliza kwa Kiingereza chake cha kukatakata ninamtafuta nani. Nilimwambia. Akaonyesha picha ukutani, akaweka kidole kwenye mashua moja.

"Baba yangu," alisema. "Naye hakuonekana. Mama alivaa nyeusi jioni ile ile. Kwetu hawangoji."

Niliacha kahawa yake ikiwa imejaa, nikatoka mvuani. Nani alimuuliza habari za mama yake? Jumapili iliyofuata nilirudi nikainywa, kwa sababu nilikuwa nimelowa na hakuna mahali pengine.

Mwezi wa nane nyangumi walipita. Watu walijazana ngazini na darubini zao. Mnyama mmoja akaruka, mwili wote nje ya maji, akaanguka na mshindo uliotufikia baadaye kidogo. Umati ukashangilia. Nami nikashangilia. Nilimshika mkono mama mmoja nisiyemjua, tukaruka kama watoto. Kwa muda ule nilisahau kabisa nimefuata nini pale. Nilipomweleza mama mkwe jioni sauti yangu ilikuwa bado na furaha, na aliisikia. Akasema Alhamdulillahi, akakata simu.

Majuma kadhaa yakapita hivyo, upepo ukageuka, joto likaanza. Jumapili moja aliniuliza umeona nini leo, nikamwambia, "Maji, mama. Nimeona maji tu." Nikasikia jogoo wa kwao anawika saa mbaya.

"Basi kaa, mwanangu," alisema. "Kaa eda. Hata mimi miguu imechoka."

Nililia usiku ule kwa ahueni. Sioni aibu kulisema. Nilitaka kukaa. Nilitaka mlango ufungwe, kioo kifunikwe, watu waingie wanipe pole, na kwa miezi minne nisione bahari. Niliomba ruhusa kazini. Nilinunua kitambaa cheupe kipya. Dirisha letu la Berea linaiona bahari, mstari mwembamba kati ya maghorofa mawili, nikashona pazia zito nikalitundika. Kisha nikaenda kwa sheikh aniambie nianze siku gani.

Sheikh wetu ni mzee wa Tanga mjini, msemaji wa taratibu. Alimwita Mkongomani, akamtaka aeleze upya, neno kwa neno. Akashauriana na masheikh wenzake wawili. Nilingoja kwenye kiti cha plastiki, kitambaa changu mapajani.

"Kifo kimethibiti," aliniambia alipotoka. "Shahidi ameona. Mwenyezi Mungu amrehemu." Kisha akainamisha macho. "Mwanangu, eda haianzi siku mwanamke anapoketi. Inaanza siku mume anapofariki."

"Kwa hiyo nimebakiza siku ngapi?"

"Hujabakiza. Imekwisha, tangu mwezi ule uliopita." Akahesabu kwa mwezi mwandamo, kidole kwa kidole, kama mume wangu alivyokuwa akihesabu maji. "Ilikwisha Jumapili, ya tatu ya mwezi wa nane. Huna dhambi, hukujua. Uko huru."

Niliijua Jumapili hiyo. Ilikuwa ya nyangumi.

Nilitamani kumtupia kiti. Huru, mimi? Mkongomani alinisindikiza mpaka nyumbani, kwa mara ya kwanza nyuma yangu, akasema tu, "Pole, dada. Pole sana." Kitambaa nilikiweka mezani. Nikaketi mbele ya pazia langu jipya, nikampigia mama kabla hajanipigia yeye.

"Eda imekwisha, mama," nilisema. Nikamweleza yote, mpaka siku yenyewe.

Hakulia. Aliniuliza kitu ambacho sikukitarajia. "Siku hiyo ulivaa nini?"

"Ile blauzi nyekundu. Aliyoninunulia yeye. Niliivaa zote, mama, Jumapili zote."

Nilimsikia akivuta pumzi. "Basi kama ni kukuona, amekuona," alisema. Halafu akaweka simu chini bila kuikata, na nikamsikia anafungua mlango wa nje, anawaita majirani kwa majina yao, mmoja mmoja, waje na majamvi.