Bakuli la Plamu na Mkebe wa Maziwa

Nakumbuka Januari moja ya jua kali hapa Dundori, wakati mifupa yangu ilikuwa bado inanitii. Nilikuwa nimeolewa miezi mitatu tu, na mama yangu mzazi alikuwa anakuja kesho yake kutoka Kuresoi kuona kwangu kwa mara ya kwanza. Mgeni njoo mwenyeji apone, husemwa, lakini mimi nilitaka mgeni ashangae.

Nilijua kutengeneza keki baridi, mwanangu, ile isiyoona moto. Mpishi mmoja wa hoteli pale Nakuru mjini alikuwa amenionyesha. Nikaponda biskuti, nikazichanganya na siagi iliyoyeyuka, nikazishindilia chini ya bakuli. Juu nikamwaga krimu niliyoipiga na sukari mpaka mkono ukafa ganzi, halafu plamu zetu zilizoiva, vipande vipande. Kilichobaki ni kuipoza mpaka asubuhi ishikane. Friji hatukuwa nayo. Tulikuwa na hori dogo la saruji nyuma ya jikoni, lenye maji baridi ya kisima, na humo ndimo mkebe wa maziwa ya jioni ulimolala ukingoja gari la maziwa.

Hori lile lilitosha chombo kimoja. Siku hiyo mama mkwe, ambaye vidole vyake vilikuwa vimeanza kukakamaa, alikuwa amekamua mwenyewe, kisha akanikabidhi mkebe kwa mara ya kwanza. "Leo haya maziwa ni yako kulinda," akasema. Nami nikautoa mkebe majini, nikauweka jikoni kando ya meko, nikaliingiza bakuli langu. Kuuliza si ujinga, lakini sikuuliza mtu.

Asubuhi karani wa maziwa alifunua mkebe pale barabarani, akanusa. "Haya yamechacha, mama. Rudi nayo." Majirani wote walikuwa kwenye foleni. Nilirudi nyumbani nikilia, na sioni haya kukuambia.

Mama mkwe hakunifokea. Mgeni wetu alipofika, mama mkwe ndiye aliyepakua ile keki kwa mikono yake, akaisifu, akala sahani mbili. Tulipobaki wawili tukiosha vyombo ndipo aliposema, pole pole, "Hii kitu yako ni tamu, na utanitengenezea tena. Lakini usipoze yako kwa kuchachusha ya mwenzako." Jioni hiyo akanikabidhi mkebe tena. Nilimpenda tangu hapo mpaka tulipomzika.

Sasa, mjukuu wangu, jana ulipotengeneza keki yako ya stroberi, friji ilikuwa imejaa. Ukatoa kile kiboksi cha mlangoni. "Shosho, hii nimeweka tu hapa kwa dirisha," ukaniambia, ukaenda zako. Ile ni dawa ya sukari ya babu yako, na dirisha lile hupigwa na jua mchana kutwa. Niliirudisha kabla haijapata joto, nikatoa sufuria ya maharagwe. Babu hajui, na kwangu hatajua.

Basi nakuambia wazi: kabla hujaondoa kitu cha mtu ili chako kipate nafasi, uliza kiliwekwa pale kwa nini.

Mungu aibariki mikono yako. Nyumba yako isikose kitu baridi siku ya jua, wala mtu wa kumpakulia. Babu yako mpe matunda matupu. Mimi niletee bakuli hapa. Nitakula sahani mbili.