Tapeli Aliyeniamkia Shikamoo

Nimestaafu ualimu hapa Visiga, na ujinga wangu nausema mwenyewe kabla majirani hawajausema. Kijana alinipigia simu kuniuzia dawa ya magoti. Aliniamkia shikamoo, akaulizia hali ya mama watoto, nami nikamsomea namba zote za kadi yangu ya benki. Punde akapiga binti, hata salamu hana: “Haya malipo ya kadi umeyaidhinisha wewe?” Nikamfokea kwamba ni tapeli asiye na adabu, nikakata.

Kesho yake nikajikokota kwa magoti yaleyale hadi benki, Kibaha Mjini, nikafoka foleni nzima ikisikia: nimeibiwa, na hakuna aliyenitahadharisha!

Binti wa dirishani akaningoja nimalize.

“Shikamoo, mzee,” akasema. “Jana nilikupigia, ukanikatia simu.”