Mbwa amemtambua fundi kabla yetu

Mbwa wetu hubwekea hata pasta. Leo fundi wa mabati ameingia, na mbwa akamtingishia mkia.

Hapo ndipo nilianza kumshuku.

Namba yake nilipewa na mwenye duka la hadwea hapa mtaani Lucky Summer, baada ya mvua ya mawe ya jana kupenya paa na kutulowesha viti. Hakuuliza ngazi iko wapi. Alizunguka nyuma ya jikoni akaitoa mwenyewe.

Nikamwangalia tu.

Kufika juu, akaanza kutikisa kichwa.

"Nani aliwapigia haya mabati? Msumari unapigwa kwa mgongo wa bati, huyu amepiga kwa bonde, kule maji yanapita. Huyo hakuwa fundi. Alikuwa mwizi."

Nikamwambia sijui, yalipigwa mwaka juzi nikiwa kazini Mombasa. Mama ndiye alisimamia.

Nyundo ikatulia.

Mama akatoka na kikombe cha chai, akaangalia juu.

"Fundi Wafula, kumbe ni wewe umerudi? Bado unakunywa bila sukari?"

Halafu sauti ikatoka kwa paa, polepole:

"Mama, wakati ule nilikuwa bado najifunza."

Sasa niambieni, nimshushe, ama nimwache arekebishe kazi ya yule mwizi?