Mwenzake Baba Kitabuni

Koti la baba lilinuka magunia ya katani na mahindi makavu hata miezi mingi baada ya ghala la ushirika kufungwa. Alikuwa karani wa mizani Sumbawanga mjini. Wanunuzi binafsi walipoanza kupeleka malori yao hadi Mwimbi na Mwazye kununua mahindi kwa wakulima wenyewe, ghala likakosa kazi, naye akarudishwa nyumbani kwetu Kasense. Tangu hapo aliacha kuongea. Alishinda jikoni akiota moto, maana upepo wa Ufipa mwezi wa sita hupenya mpaka mifupani, nasi watoto tukajifunza kumpita kimya kimya.

Nilikuwa darasa la sita. Mwalimu wangu alikuwa ameniazima riwaya iliyochakaa, isiyo na jalada, hata jina la mwandishi sikulijua. Nilimpenda mwandishi yule kwa sababu watu wake hawakuhutubia. Walikatizana, walinung'unika, walisema hili wakimaanisha lile, kama sisi. Jioni moja nilikuwa namsomea mama huku akichambua maharage, nikafika pale mzee mmoja aliyeachishwa kazi anapomwambia mkewe: "Nyama wape watoto. Mimi leo nimefanya kazi gani?" Mama akasita, maharage mkononi. Maneno hayo baba aliyasema juzi yake tu, palepale jikoni.

"Nani kamweleza huyo mambo yangu?" baba akauliza kutoka pale motoni.

"Hakuna, baba. Ni kitabu tu."

"Hebu rudia."

Nilirudia mara tatu. Kuanzia siku hiyo alinisubiri nitoke shule nimsomee. Akacheka, akabishana na mzee yule kana kwamba wameketi benchi moja. Kisha siku moja akaniuliza bila kunitazama, "Mwishoni anakuwaje, huyu mwenzangu?" Mwisho nilikuwa nimeshausoma: mzee anaondoka alfajiri bila kuaga, harudi tena. Nilimwangalia baba alivyoinama, nikashindwa. "Wanamwita tena kazini," nikasema.

Wahenga husema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ndefu. Kila Jumatatu baba alipiga viatu rangi, akatembea hadi mjini kusimama kwenye lango lenye kufuli. Mjomba alipomwita Mwazye wakalime pamoja, alikataa. "Wakiniita wasinikute?" Mvua za mwaka wa pili alirudi kutoka pale langoni amelowa chapachapa, akashikwa na kichomi, na hakupona.

Leo nafundisha Kiswahili na vitabu ninavyo tele. Katika vingi watu huongea kwa ufasaha mtupu, hakuna anayekwama, nami huvifunga mapema. Nadhani sasa kwamba baba hakuhitaji mwisho mwema. Kumpata mtu anayesema kama yeye kulimtosha. Ningemsomea ukurasa ule kama ulivyoandikwa, pengine angesema, "Mjinga huyu, watoto anamwachia nani?" Lakini hayo ni maneno niliyomtungia mimi. Yeye sikumpa nafasi ya kuyasema.