Vidole vya Fundi Cherehani

Kesho yake baada ya kutolewa uvimbe shingoni, fundi cherehani alihisi midomo ikimchonyota, kisha vidole vikafa ganzi. Alipapasa shuka, asijue kama ni pamba au karatasi.

"Dada, mkono unajikunja wenyewe," alisema.

Dada yake alitoka mbio, akarudi na muuguzi.

"Kalsiamu imeshuka kwenye damu baada ya upasuaji," muuguzi alisema akiandaa sindano. "Ikipungua, neva za ngozi na misuli hushtuka ovyo hata bila kuguswa. Tulia mama, dawa hii huingia polepole."

Fundi alifumba macho, akiwaza: Nitashonaje hivi? Hatimaye vidole vikaanza kulegea. Akashika upindo wa gauni la dada yake, akausugua taratibu.

"Aliyekushonea hili amelipua kazi, mshono haujanyooka," alisema.

Dada akacheka huku machozi yakimtoka.