Mchuzi wa Ndama Aliyeuawa na Simba

Siku ile kule Majimoto naikumbuka vizuri, mwanangu, na mpaka leo nikisikia harufu ya dawa ya kuogeshea ng'ombe naondoka hapo.

Nilikuwa sijamaliza mwaka kwenye ndoa. Simba alitoka pori la akiba akaua ndama wangu, yule niliyepewa na baba, akala upande mmoja na kuuacha mzoga vichakani. Watu wa shirika linalolinda pori lile walishatuambia: simba akiua, msiguse, tuiteni. Nami niliitikia kwa adabu zote. Lakini hasira zilinipanda, nikaumwagia mzoga ile dawa ili simba akirudi afe. Sikumwambia mtu. Nikaenda zangu kuchota maji.

Sasa sisi wafugaji nyama aliyoibakiza simba hatuiachi ioze. Nilijua hilo tangu utoto, na bado nikasahau. Niliporudi, baba mkwe alishaleta paja, mama mkwe alishalibandika jikoni, na watoto wa shemeji wamekaa wanasubiri.

"Nyama ya wapi, mama?"

"Ya ndama wako. Angalau tusikose yote."

Niliogopa, mwanangu. Niliwaza wataniita muuaji, nitarudishwa kwetu. Mama akachota mchuzi, akaupuliza, akaonja chumvi, nami nimesimama namtazama. Ndipo nikaipindua sufuria motoni na kusema yote huku nalia.

Baba mkwe aliwapigia simu watu wa shirika, na gari lao ndilo lililotupeleka hospitali Mpanda. Njia nzima mama alitokwa jasho na kutetemeka, amenishika mkono. Watu wa shirika waliobaki walikuta tai wamekufa kuzunguka mzoga, wakauzika.

Siku ya tatu mama alipata nguvu ya kuongea.

"Kabula, sumu nimekusamehe. Lakini uliniona naonja."

Aliishi miaka mingi baada ya hapo, na hakulisema tena. Mimi nalisikia kila siku.

Kwa hiyo wewe unayechunga kando ya pori, simba akikutia hasara waite wenye kazi yao, sumu usiiguse. Na ukishakosea, sema hapo hapo, hata kama unatetemeka. Aibu inavumilika. Mungu akulinde wewe na mifugo yako, akupe kinywa cha kuwahi kusema, na asikuache ukasimama kimya pale niliposimama mimi.