Jibu la Kapteni Feridun

Tk.

Ulimi uligonga nyuma ya meno mara moja, kidevu kikapanda kidogo, nyusi zikafuata. Baadaye Feridun aliukumbuka mlio ule kuliko mengine yote ya Jumamosi ile, kwa sababu aliutoa mwenyewe, amesimama gatini na glasi ya chai mkononi, amechoka mpaka kwenye visigino.

Kwetu Üçağız, kijiji cha pwani ya Uturuki, mlio huo si msonyo. Haumtukani mtu. Maana yake ni hapana, tena hapana isiyo na mjadala. Mtoto wa miaka miwili akiomba peremende akajibiwa hivyo, huondoka zake akatafute jambo jingine la kulilia.

Feridun alikuwa na miaka sitini na mitatu na mashua moja ya tanga, aliyowakodisha wageni wiki baada ya wiki, tangu Mei hadi Oktoba. Kila Jumamosi alikabidhi, kila Jumamosi alipokea, na katikati alisali. Wageni waliambiwa wasipande na viatu, wakapanda na viatu. Waliambiwa karatasi hazitupwi chooni, na ikifika Jumatano choo kilikuwa kimeziba. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa akizibua choo kile, mkono umezama mpaka kiwikoni, akijiuliza ni shule gani hizo za Ulaya zinazomfundisha mtu hesabu za nyota lakini si kusikia.

Mwaka huo hali ilikuwa mbaya zaidi. Mwezi Juni wageni fulani walikuwa wamefungulia tangi la maji machafu ndani ya ghuba, na askari wa doria wakaandika onyo kwenye kibali cha mashua. Onyo la pili, mashua ingefungwa gatini mpaka mwaka unaofuata. Nazmiye, mkewe, alikwisha kutoa hukumu yake.

"Likija la pili, Baba Filiz, tunaiuza. Tunahamia kwa binti yetu Eskişehir."

"Eskişehir hakuna bahari."

"Ndiyo maana."

Mgeni wa Jumamosi hiyo aliitwa Jürgen, Mjerumani mrefu, mpole, mwenye cheti cha unahodha ndani ya mfuko wa plastiki. Mkewe Sevtap alikuwa mwenzetu kwa damu. Babake aliondoka Kaş, mji jirani, zamani kwenda kufanya kazi viwandani huko Ujerumani, na binti akarudi na Kituruki cha jikoni, kitamu na cha kizamani. Bahati mbaya, Sevtap alikuwa amekwenda kununua tikiti maji wakati Jürgen alipoikunjua ramani ya bahari. Aliweka kidole ukingoni mwa kisiwa, pale mji wa kale ulipozama na kutia nanga ni marufuku, akachora nanga hewani, akamtazama Feridun kwa swali.

Feridun akajibu: tk, na kichwa juu.

Jürgen akatabasamu. Akashukuru, mkono kifuani, kwa Kituruki alichojifunza ndani ya gari. Feridun akawaza, huyu kalelewa vizuri. Ananyimwa na anashukuru.

Jumapili asubuhi, simu ikalia juu ya meza ya zeituni na jibini. Alikuwa Sevtap.

"Ami Feridun, umeamkaje? Samahani, ami. Nanga imekwama."

"Imekwama wapi, mwanangu?"

"Hapa kisiwani. Maji mazuri ajabu! Unaona mpaka kuta."

Feridun akaiweka chini glasi yake. "Kuta gani?"

"Za nyumba. Huko chini."

Akafumba macho. "Mwambie mumeo asiguse kitu. Asiguse mashine ya nanga. Asiguse hata kijiko cha kahawa. Nakuja."

Nazmiye alikuwa amesimama mlangoni na taulo begani. Hakuhitaji kuambiwa.

"Ni kule kwenye mji uliozama?"

"Mjini kwenyewe."

"Na yule ndiye uliyemsifu! Nilikuambia, mtu anayesoma maelezo yote ya chupa ya dawa mpaka mwisho, huyo ataleta msiba. Na wewe usizame! Daktari wa masikio alikuambia nini?"

"Nisizame."

"Basi miwani ya kuzamia unaichukulia nini?"

"Jua kali," alisema Feridun, akatoka.

Ilikuwa saa tatu na dakika ishirini. Boti ya doria hupita upande ule saa nne. Aliendesha kiboti chake cha injini kwa hasira, akiongea peke yake njia nzima, akiwatukana Wajerumani, watengeneza ramani, na wazee wa kale waliojenga mji mahali penye matetemeko.

Mashua yake ilikuwa imesimama juu ya maji ya kijani kibichi, imetulia kama mbuzi aliyekula shamba la jirani. Jürgen alikuwa kwenye omo, mbele ya chombo, peku angalau, kidole karibu na kitufe cha mashine ya nanga.

"Nilimwambia hapana!" Feridun alipiga kelele kabla hata ya kufunga kamba. "Mwulize! Nilimwambia hapana!"

Sevtap akatafsiri. Jürgen akajibu kwa maneno mengi, kwa adabu, akionyesha kidevu chake mwenyewe.

"Anasema ulimwambia ndiyo, ami. Aliuliza, ukainua kichwa."

"Nikainua, ndiyo! Nikainua na nikafanya tk!"

Sevtap akaziba mdomo kwa kiganja. Mabega yakaanza kumtikisika.

"Unacheka nini, binti wewe?"

"Ami, kwao kichwa kikipanda na kushuka ni ndiyo. Na ile tk... yeye ni daktari wa meno. Jana aliniambia, ami yako ana jino linamsumbua, tumpe dawa."

"Jino!"

"Dawa yenyewe hii hapa, ameshaitoa."

Kweli ilikuwapo, juu ya meza, pembeni ya tikiti maji.

Feridun akakaa kitako juu ya sitaha. Wageni wa miaka ishirini na miwili wakapita mbele yake wamepanga foleni. Yule Mholanzi aliyeonyesha viatu vyake, kisha ngazi ya mashua, kwa swali. Yule bibi Mwingereza aliyeinua karatasi juu ya choo, nyusi zimepanda. Wote aliwajibu kwa kidevu. Wote walimshukuru. Alikuwa ameruhusu kila kitu kwa mdomo wake mwenyewe uliofungwa, kisha akawanunia.

Jürgen alisema kitu, kidole kikarudi kwenye kitufe.

"Anauliza kama avute kwa nguvu."

"Hapana!" alisema Feridun, kwa mdomo mzima, mpaka shakwe wakaruka kutoka kwenye mwamba.

Alivaa miwani, akavuta pumzi, akazama.

Pima tatu tu. Masikio yalianza kumchoma kwenye pima ya pili. Chini kulikuwa na nyumba isiyo na paa, na ngazi iliyochongwa kwenye jiwe ikishuka kutoka mlangoni. Nanga ilikuwa imeingia chini ya kidato cha nne cha ngazi hiyo. Aliisukuma nyuma, akaipindua, ikaachia. Hapo ndipo alipoliona kovu, refu kama mkono wa mtu, jeupe, jipya, likikatiza kidato chote. Katikati ya kidato kulikuwa na bonde dogo lililoliwa na nyayo. Mtu alikuwa akikanyaga hapo kila siku, labda amebeba maji, labda akimfokea mtoto asiteleze. Feridun akaweka kiganja juu ya kovu. Unga mweupe ukapanda kama moshi.

Alipoibuka alipanda kwenye sitaha. Alionyesha kwa mikono, polepole, na Jürgen, mwanafunzi mwema, akauvuta mnyororo kwa mikono yake miwili, kidogo kidogo, bila mashine. Wakawasha injini, wakasogea hadi mahali panaporuhusiwa. Nanga ilikuwa imekwisha kulala juu ya omo, inachuruzika maji, boti ya doria ilipozunguka rasi.

"Hakuna aliyetuona, ami," Sevtap alimnong'oneza. "Nanga iko juu. Sema tulikuwa tunapita tu."

Afisa aliisogeza boti yake ubavuni. Alimfahamu Feridun, nani asiyemfahamu. Alimtazama mzee aliyelowa na nguo zake, akamtazama Mjerumani mwenye mikono myekundu, akafungua daftari lakini hakutoa kalamu.

"Kapteni, salama? Kuna aliyetia nanga pale ukingoni?" Kisha akampa mlango wa kutokea. "Au mlikuwa mnapita tu?"

Jürgen hakuelewa neno hata moja, ila alikuwa amesimama wima kama mtu aliye mbele ya hakimu. Sevtap alimbana Feridun kiwiko. Ilikuwa bado Julai. Agosti yote ilikuwa mbele, na Septemba, na baada ya hapo Eskişehir na ardhi yake kavu pande zote. Maji yalimtoka Feridun masikioni, yenye joto. Alikitazama kiganja chake, ambapo unga wa jiwe ulikuwa umebaki kwenye mistari ya ngozi.

Aliposema, alisema chini sana, hata afisa ikambidi ainame kutoka kwenye boti yake ili asikie.

"Tulitia. Kwenye ngazi ya nyumba ya watu."